Bibi Harusi wa Shimo la Barabarani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Ngatirah, muuza tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, wa kijiji cha Wonosalir, aliyezikwa Jumanne akiwa na miaka sitini na mmoja. Wengi mnamjua kwa picha. Mama mtu mzima ameketi ndani ya shimo la barabarani, maji yamemfika kifuani, shada la asmini shingoni, anaogeshwa kama mwari anayeolewa kesho. Ndiye huyo.

Aliyetusimulia ni dada yake mkubwa, Wagiyem. Hakusimulia kwa furaha.

Walizaliwa wawili tu. Mdogo akaolewa kwanza, akamruka dada yake. Alipiga magoti, akaomba ruhusa, akatoa kitambaa cha batiki kama desturi inavyodai. Wagiyem akapokea, akamwambia nenda salama. Yeye hakuolewa. Kitambaa kile hajakivaa hata leo.

Akawa mwandishi wa barua wa kijiji. Shimo lilipomvunja nyonga jirani yao, aliiandikia ofisi ya wilaya. Barua thelathini na moja, wasikilizaji, kwa miaka sita, kwa mwandiko safi. Thelathini na moja. Hakujibiwa hata moja.

Ndipo Ngatirah akaja na lake. Mvua imejaza shimo, basi mwari aogeshwe humo humo, kwa maji ya maua. Akampelekea mkuu wa wilaya kadi ya mwaliko: bwana harusi anaitwa Lami, ameposa miaka sita, hajatokea.

Siku ilipofika, watu wamejaa, alimgeukia dada yake.

"Dada, kaa wewe shimoni. Barua ni zako. Nilishakuruka mara moja, sitaki mara ya pili."

"Unataka nichekwe uzeeni?"

"Wataicheka ofisi. Wewe utalowa tu."

Wagiyem akakataa. Ngatirah akaingia yeye. Desturi inataka mkubwa amwagie wa kwanza, na Wagiyem akamwagia, kata tatu za nguvu, usoni. Ngatirah akatema maji, akawaambia watu, "Mnaona? Huyu ananioza kwa hasira." Barabara nzima ikacheka.

Siku tisa baadaye lami ikaja. Barua miaka sita, kuoga siku tisa. Mkuu wa wilaya alimtaja Ngatirah kwa jina. Wagiyem hakutajwa. Kwa mwaka mzima hakununua tempe kwa mdogo wake. Alivuka mto kununua kwingine.

Juzi, kwenye chakula cha matanga, wanaume walisimulia habari za marehemu mpaka wali ukawapalia kwa kicheko. Wagiyem alikuwa jikoni, akisikia.

"Hata sasa namwonea wivu," alituambia. "Kafa, na watu wanacheka. Nikifa mimi watanyamaza kwa heshima. Heshima niliitafuta mwenyewe. Kicheko alitaka tugawane, nikaogopa kulowa."

Tunampa pole Wagiyem. Tunampa pole mume wa marehemu, mzee Partono, na watoto wao wanne. Nanyi wasikilizaji wapendwa, fikirini leo. Huenda yuko mtu aliyewahi kuwaita mkachekeshe watu pamoja kwa jambo la haki, mkabaki pembeni kwa kuogopa aibu, kisha mkamnunia kwa kufanikiwa. Kama yu hai, nendeni kwake. Wagiyem hana tena wa kumwendea.