Folke Brännlid na Barua ya Choo cha Uwanjani

Marehemu Folke Arvid Brännlid alizaliwa tarehe 11 Machi 1946 hapa hapa Lövsele, kitindamimba wa mzee Hilding, mkata magogo, na mama Ester, na tangu siku hiyo nyumba yetu haikujua kimya.

Alianza shule Agosti 1953, akawahi kujua kusoma kuliko wenzake, na mwalimu wake alimkanya kila siku, maana alikuwa anasoma kwa sauti kabla hajaitwa.

Mwaka 1968 aliajiriwa na gazeti la wilaya, akalitumikia hadi alipostaafu mwaka 2011, na kila asubuhi alikuwa kwenye kaunta ya manispaa kuomba barua zilizoingia, kwa kuwa katika nchi hii barua ikishafika ofisi ya umma ni ya kila mtu, na anayeiomba haulizwi ni nani wala anaitakia nini. Karani alikuwa akimtania, "Leo unamwinda nani, Folke?" naye anajibu, "Sheria inakukataza kuniuliza, dada," na karani anasema, "Haya, mgeni nisiyekujua, kahawa yako hiyo." Kwa karatasi hizo aliwaumbua madiwani waliojitengenezea barabara hadi kwenye nyumba zao za kiangazi, na hilo hatumnyimi.

Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na Barbro, wakajaliwa binti mmoja, Malin, mwaka 1977.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ingependa kuruka, ila marehemu alituagiza tusiruke. Novemba 1996 manispaa ilikuwa imefunga choo cha umma cha pale uwanjani katikati ya mji ili kubana matumizi, na mwalimu yule yule aliyemkanya utotoni, aliyekwisha kustaafu, akaiandikia ofisi kwamba alijikojolea kwenye kituo cha basi mbele za watu, akaomba choo kifunguliwe. Folke aliichapa barua nzima, na jina juu. Barbro alimuuliza mezani, "Ulipiga hodi kwake kwanza?" akajibu, "Ni barua ya umma, kila mtu anaweza kuisoma," na Barbro akasema, "Anaweza, sawa, lakini nani alikuwa ameisoma kabla yako?"

Choo kilifunguliwa ndani ya wiki, Folke akapewa tuzo, na mwalimu, mama wa watu, akajifungia ndani, maana dukani wanaume wazima walimwambia, "Mwalimu, leo huna haja ya kukimbia!" na sisi ndugu zake Folke tulikuwepo, na tulicheka. Masika ya 1999 ndipo alipokwenda kumwomba radhi, akaambiwa kwa nyuma ya mlango, "Nenda nyumbani, Folke, wewe bado unasoma kwa sauti kabla hujaitwa." Ile tuzo hatukuiona tena ukutani.

Septemba 2013 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akafariki nyumbani tarehe 6 Februari 2014, Barbro na Malin wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, wenzake wa gazetini, na karani wa kaunta. Jina la mwalimu limo katika kumbukumbu za manispaa, anayelitaka akaliombe, hataulizwa yeye ni nani, lakini hapa halitasomwa. Tunamshukuru pia aliyeingia kanisani tukiwa tumeshaanza, akaketi benchi la nyuma, na tunawaomba nyote msigeuke.

Folke, tumesoma kama ulivyotuagiza. Sasa nyamaza, ndugu yetu, upumzike kwa amani.