Kibuyu cha Kwenda Kilwa Kisiwani

Kijiwe chetu kipo Ntobeye, huku mpakani, pembeni ya barabara ya vumbi wanakopita madereva wa malori ya chakula cha wakimbizi, na kahawa ni ya Petronila, mama asiyependa mtu wa kikombe kimoja asubuhi nzima. Mwaka ni tisini na sita. Siku hiyo mzee Leonidasi alikuja na koti la kanisani, kibuyu cha pombe ya ndizi mapajani. Lori lililoshusha mahindi lilikuwa linarudi Dar tupu saa nne, na dereva kamwekea nafasi. Mwaka juzi binti yake Deodata alipendana na dereva mmoja wa malori hayohayo, Mfaume, mtu wa Kilwa Kisiwani. Mfaume akaja kuposa na tende na halua. Sasa kwetu anayeposa bila pombe hajaposa. Leonidasi akamfukuza, binti akamfuata mwanaume bila baraka. Juzi imekuja barua: Baba, njoo. Na mzee, Mungu anisamehe, alikuwa anaogopa kwenda.

— Usiende, akasema Pancras, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kisiwa kile kinaelea! Unadhani watu wa kale walijenga majumba ya mawe ya nini? Kukikandamiza kisichukuliwe na maji.

— Acha uongo wewe! akadakia Ansbert, yaani Mwalimu Nusu, aliyefundisha muhula mmoja akaacha. Ule ulikuwa mji wa masultani. Dhahabu, msikiti wenye kuba nyingi...

— Na leo?

— Leo magofu.

— Umeona! Walikimbia. Bahari inapanda kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hiyo ni ya kuweka akiba, bwana.

— Kwani bahari haiweki akiba?

Tukacheka hadi Petronila akamwaga kahawa. Leonidasi hakucheka.

— Mimi siogopi maji, akasema. Naogopa pale mlangoni. Nitaanza na neno gani? Kwetu waliogombana huwekewa chungu kimoja cha pombe na mirija miwili, wakanyonya pamoja, yakaisha. Ndiyo maana nimebeba hiki.

— Weee! Petronila akatua birika kwa kishindo. Upeleke pombe kwenye nyumba inayoswali?

— Sasa niende mikono mitupu?

— Waambie ni dawa ya mgongo, akasema Mwalimu Nusu.

— Hata haina haja, akasema Redio. Hewa ya kule ina chumvi. Kibuyu kikifika kitakuwa siki, na siki hawaikatai. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani!

— Na hiyo nayo inahusu nini?

— Inahusu bahari.

Mzee akaanza kufungua vifungo vya koti.

— Basi siendi. Kama desturi yangu haiingii kwao, nitapatana nao kwa ipi? Mwambieni dereva aondoke.

Ilinikera, nasema kweli. Deodata nimemjua tangu akibebwa mgongoni, na nilikuwa nimemkumbuka.

Nimpaye, mama wa Kirundi kutoka kambini, alikuwa anamshushia Petronila mzigo wa kuni. Akajipangusa mikono.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mama.

— Huyo binti yako, huko kisiwani, anaongea Kihangaza chenu na nani?

Mzee akaacha kufungua vifungo.

— Mimi nilivuka mpaka sina hata sufuria, akasema Nimpaye. Nikaomba maji kwa Kirundi, mama mmoja wa hapa akanijibu kwa Kihangaza, na tukaelewana. Nilikaa chini nikalia, mzee. Sikuwa nimelia njia nzima.

Honi ikalia barabarani. Leonidasi akasimama, akaniwekea kibuyu mikononi.

— Kunyweni nyinyi, akasema.

— Na wewe je, unawapelekea nini? Petronila akauliza.

Dereva alimvuta mkono, akapanda. Lori lilipopita mbele yetu tulimwona dirishani, koti wazi, akisogeza midomo na kupunga kidole; tukamsikia anaongea Kihangaza peke yake, taratibu, anarudia, kama mtu aliyetumwa mbali na hataki kusahau hata neno moja.