Mlango Mkubwa wa Hajati Zulaikha

Laki tatu hatulipi, Afande Ogwang, na sisi familia tulikuambia hivyo asubuhi pale getini, ukatujibu kwamba mlango mkubwa wa Ukumbi wa Kumbukumbu ni wa jeneza la askari, raia analipia. Basi kaa hapo na kamati yako ya ukumbi, msikie huyu raia alikuwa nani.

Hajati Zulaikha binti Abdul-Latif alizaliwa Kyebando tarehe 9 Juni 1951, mtoto wa sajini aliyerudi kutoka vitani na mguu mmoja, akasoma Old Kampala mpaka darasa la sita, mwaka 1963, kisha akashika kazi ya kusuka na kuuza tabaka, zile kawa za rangi za kufunikia sinia, na ulimi wake sokoni hakuna asiyeujua.

Mwaka 1970 aliolewa na Koplo Dawudi, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1979 koplo alikwenda vitani hakurudi, wala maiti haikuonekana, limebaki jina lake kwenye ukuta wa ukumbi.

Vita vilipokwisha, ukumbi wenyewe ulikuwa kuta na nguzo tu, mabati yameibwa, mbuzi wanalala chini ya majina ya mashujaa, ndipo mwaka 1988 Hajati akawakusanya wajane, wakasuka, wakauza, wakaezeka, kisha akamleta fundi Makokha ajenge kitu ambacho hakikuwa kwenye ramani, baraza ya matao saba inayotazama njia ya makaburini. Kamati ikagoma. Akawaambia, "Nyinyi wanaume mnamsindikiza mtu mpaka shimoni, sisi wanawake desturi inatuacha hapa, sasa mnataka tuage ukuta?" Wazee wakacheka, mwenyekiti wao akasema mbele ya watu, "Haya mama, ukimaliza hayo matao yako, siku yako utapita mlango mkubwa kama jenerali!"

Aliyamaliza tarehe 2 Septemba 1989. Tangu hapo hakuna mjane aliyeaga ukuta. Waislamu kwa Wakristo husimama kwenye matao yale, wakimtazama mtu wao mpaka barabara inapokata kona.

Moyo ulimsumbua tangu Januari, akafariki hospitalini Mulago alfajiri ya leo, Jumatano, 11 Machi 2026, ameacha watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, na paa lisilovuja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kyebando, wasukaji wenzake, na Mzee Makokha, aliyefika na fimbo yake kuyaona matao yake yakifanya kazi.

Pumzika, Hajati, ulichojenga kimesimama.

Wanawake wameshajipanga barazani. Afande Ogwang, kamati iliahidi, na kamati leo ni wewe: fungua mlango mkubwa.