Mwenye Pembe ya Kushoto

Risala ya washabiki wa mpira wa kikapu wa Darsait, iliyosomwa na katibu wao, Bi Shaikha binti Suud, mbele ya Sheikh Yaarub bin Thani, afisa mpya wa vibali vya kuingia nchini. Maskati, Ijumaa, 16 Oktoba 1970.

Mgeni rasmi, Sheikh Yaarub bin Thani,
Maalim Harub, kocha wetu,
Wachezaji, wazee wetu, na mama zetu mliokaa juu ya madebe,
Assalamu alaykum.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Darsait. Karibu kwenye uwanja ambao wapita njia wa Ruwi hudhani ni mahali pa kuanikia nguo, kwa sababu ya zile nguzo mbili. Kiti ulichokalia kimetoka sebuleni kwa Bi Mahbuba, mke wa Maalim Harub. Mguu wake wa nyuma si wa kuaminika, kwa hivyo tunakuomba ukae wima mpaka tumalize. Baada ya mchezo kuna sambusa, mkate wa kumimina na kahawa, na kuna samaki walioletwa na marafiki zetu wa Yiti, ambao habari zao zinakuja.

Tulibishana siku mbili risala hii isomwe kwa lugha gani. Wako waliosema Kiarabu ndiyo heshima kwa mtu wa serikali. Bi Mahbuba akasema kwamba juzi, ulipopita kuuangalia uwanja, ulimwamkia "Shikamoo, mama", kwa sauti ya mtu aliyelelewa Unguja. Mjadala ukaishia hapo. Tunajua pia kwamba wewe mwenyewe umeingia Maskati mwezi wa nane mwaka huu, ukitokea Cairo, baada ya kungoja karatasi miaka mingi. Mtu aliyengoja hana haja ya kuelezwa kungoja ni nini.

Kamati imeniagiza nisome yaliyoandikwa, nisiongeze langu. Nitajitahidi.

TULIKOTOKA

Timu hii ilizaliwa mwaka 1961 katika chuo cha ualimu kule Unguja. Maalim Harub alikuwa akisomesha hesabu, na mpira akausomesha vile vile. Aliweka kanuni moja ambayo hajaibadilisha hadi leo: hakuna kurusha mpira kikapuni mpaka zipigwe pasi saba. Mchezaji akirusha baada ya pasi ya tano, hata akifunga, hutolewa nje akakae afikiri. Pasi ya saba ilikuwa na mwenyewe. Ilikwenda pembe ya kushoto, na pale alisimama Bakhit, mwana wa pekee wa Maalim Harub na Bi Mahbuba. Alikuwa kijana mwembamba, mkimya, na mkono wake ulikuwa haukosi. Sisi wanafunzi tulikuwa tukikaa juu ya ukuta wa chuo tukihesabu kwa sauti moja, moja, mbili, tatu, na tukifika saba tulikuwa tumeshasimama.

Yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 1964 hatuyasomi hapa. Wewe unayajua. Tunasema tu kwamba majina yaliandikwa kwenye karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya watu wa nyumba ya Maalim, waliopata kuingia Maskati kwa jina la babu yake. Ya pili ilikuwa ya wachezaji watano, waliopatiwa nafasi katika meli ya kwenda Dubai. Jina la Bakhit lilikuwamo katika zote mbili. Halafu likakatwa katika karatasi ya nyumba, likabaki katika karatasi ya timu. Kwa miaka yote hii sisi tuliamini kwamba aliyelikata ni karani wa bandarini.

Wakaagana wakiambiana kwamba kutoka Dubai mpaka Maskati si mbali, watakutana katika siku chache. Siku hizo chache sasa zimekuwa miaka sita.

Wachezaji wanne walitujia hapa mmoja mmoja, kila mmoja kwa jina la baba yake. Bakhit ameomba mara tatu. Mara zote tatu ofisi iliyokuwepo kabla yako ilifungua karatasi ya Maalim Harub, ikakuta imeandikwa mume na mke, ikajibu kwamba mtu aliyeingia bila mtoto hawezi kuletewa mtoto.

TULIYOYAPATA

Mwaka 1967 tuliondoa mawe katika kiwanja hiki kwa mikono yetu. Maalim aliupima uwanja kwa hatua zake, kwa kuukumbuka ule wa chuo, lakini hatua za mtu wa miaka hamsini na tano si zile za zamani, na tunakiri kwamba uwanja umekuwa mfupi kidogo. Vile vile umeinama. Upande wa kushoto unashuka kuelekea wadi, lile bonde la mto mkavu. Wageni hawalijui hilo mpaka kipindi cha pili, na sisi hatuwaambii.

Tumecheza michezo thelathini na mmoja, yote hapa nyumbani, na yote tumeshinda. Tumewashinda makarani wa Mutrah mara kumi na tisa. Tumewashinda mabaharia wa meli ya shehena ambao nchi kavu ilikuwa bado inawayumbisha. Tumewashinda wavuvi wa Yiti, waliokuja kuuza jodari, wakaombwa wacheze, wakapandisha shuka zao wakacheza. Hawakuwa wamewahi kuuona mchezo huu. Walikuwa wakiukumbatia mpira na kukimbia nao, na mwamuzi, ambaye ni mtu wetu, alichoka kupuliza filimbi akawaacha. Tuliwafunga vikapu ishirini na tisa kwa viwili.

Walipokuwa wakiondoka, mkubwa wao alimuuliza Maalim kama mwenzetu wa tano ni mgonjwa. Maalim akamjibu kwamba yuko njiani. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa wavuvi hao wakileta samaki, neno la kwanza baada ya salamu ni, "Amefika?"

TATIZO LETU

Mgeni rasmi, hapo ndipo lilipo tatizo letu. Timu yetu inacheza na watu wanne.

Sheria inataka watano. Kwa hivyo kila mchezo Maalim huchukua kalamu akaandika orodha, na katika nafasi ya tano huandika: "Bakhit bin Harub, yuko njiani." Makarani na mabaharia hawaulizi. Timu yenye kujua mpira ingeuliza, na ndiyo sababu Maalim haziiti timu zenye kujua mpira. Tena pasi saba ni zile zile. Wanne wanapigiana pasi sita, tamu kabisa, na ya saba inakwenda pembe ya kushoto, ambako hakuna mtu, mpira unatoka nje na kuteremka wadini. Wachezaji wanajua kwamba hakuna mtu. Wamefunzwa hivyo tangu wana miaka kumi na minane na mkono unakwenda wenyewe. Vikapu tunavyopata ni vile wageni wanapourudisha mpira uwanjani vibaya tukawanyang'anya.

Washabiki tumegawanyika mabenchi mawili. Benchi la kulia linasema kocha ni kocha, aachwe. Benchi la kushoto linasema ushindi huu hauna chumvi, ziletwe timu za kweli, na pembe ijazwe. Kiongozi wa benchi la kushoto ni Bi Mahbuba mwenyewe. Mchana anampikia Maalim, alasiri anamzomea.

"Maalim! Mwezi uliopita makarani, mwezi huu makarani! Hawa wanaodundisha mpira kwa mikono miwili ndio wa kutupima sisi?"

Maalim hageuki. "Bibi, mie nnaendesha timu. Siendeshi jiko."

"Jiko langu lina mafiga matatu na yote yapo! Timu yako ya watu watano ina wanne!"

Tulikuwa tukicheka. Wiki tatu zilizopita, baada ya ushindi wa thelathini na moja, tuliacha kucheka. Benchi la kushoto liliitisha mkutano. Kuna kijana wa Mutrah, mrefu, hodari, yuko tayari kusimama pembe ya kushoto kesho. Tukamwambia Maalim achague: ama amweke kijana yule, ama aache kazi ya ukocha. Maneno hayo niliyasoma mimi, Shaikha, kwa sauti hii hii, na leo nayajutia.

Maalim akasimama. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mpaka imekatika kwenye mikunjo. Ilikuwa ile karatasi ya nyumba, nakala yake, ya mwaka 1964. Akatuonesha jina lililokatwa, na wino wa mkato ulikuwa ule ule wa mwandiko wake.

"Si karani," alisema. "Ni mie. Niliambiwa mtu mmoja hasafiri kwa karatasi mbili. Nkasema bora timu isivunjike. Nkamkata nyumbani nkamwacha kwenye timu. Sasa mnataka niweke mtu pembe ya kushoto. Nikimweka, ntakuwa nimemkata mara ya pili."

Bi Mahbuba alikuwa hajapata kuiona karatasi ile. Miaka sita alikuwa akimlaani karani wa bandarini kila baada ya sala, na karani hakuwa na kosa. Akainuka, tukadhani anakwenda zake nyumbani. Akamwendea mumewe, akaichukua karatasi, akaikunja vile vile ilivyokuwa imekunjwa, akairudisha mfukoni mwake.

"Basi mwite aje na timu yake ya Dubai atufunge," alisema. "Mie nshachoka kushinda."

MAOMBI

Ombi la kwanza. Bakhit sasa ni nahodha wa timu ya vijana wenzetu walioko Dubai. Hawajashindwa mwaka huu. Tumewaandikia kuwaalika kwa mchezo mmoja hapa nyumbani, nao wamekubali. Tunaomba kibali cha watu kumi na wawili waingie kabla ya Ramadhani, ambayo imebaki wiki mbili.

Ombi la pili. Tunaomba siku hiyo utupatie mwamuzi asiyemjua mtu yeyote Darsait, mkali, atakayeikataa orodha yenye mtu aliye njiani. Maalim amekubali. Kama tutafungwa vikapu hamsini, tutafungwa, na benchi la kulia na la kushoto yatakaa pamoja kupiga makofi.

Ombi la tatu. Kamati imeandika hapa: "Wageni wakae siku saba." Mimi ndiye niliyejaza fomu, na naomba radhi kwa kamati, maana nitaongeza langu. Kwa watu kumi na mmoja nimeandika siku saba. Kwenye fomu ya kumi na mbili mahali pa siku nimepaacha wazi, kwa sababu sikuweza kuiandika saba. Mkono ulikataa. Pamoja na fomu hiyo kuna barua ya Maalim Harub, inayosema kwamba jina la mwanawe alilikata yeye kwa mkono wake, kwamba alikosea, na kwamba anaomba lirudishwe pale lilipokuwa. Chini yake mama mtu ametia kidole gumba. Amesema usomapo barua ya baba ujue kwamba mama ameshasamehe, limebaki lako.

Na kama haiwezekani timu nzima kuingia, mgeni rasmi, tutaufuta mchezo. Tuletee mmoja.

Tunamtamani. Hatuoni haya kulisema mbele za watu. Tunatamani kuhesabu moja mpaka saba na tukifika saba tusimame kama tulivyokuwa tukisimama, badala ya kutazama chini. Mama yake anatamani kumfokea kwa kuchelewa kula. Baba yake hatamki anachokitamani, ila kila mchezo anakiandika katika nafasi ya tano.

SHUKRANI

Sasa hivi utaona mchezo, na wapinzani wetu, utusamehe, ni makarani. Utawaona wetu wanne wenye fulana nyeupe. Hesabu pasi pamoja nasi. Ya saba itakwenda pembe ya kushoto na mpira utateremka wadini, na utamwona Bi Mahbuba akiinuka kuufuata. Usimwambie mtu amsaidie. Wengi wameshajaribu, hataki. Huuleta mwenyewe, ameshaufuta vumbi kwa ncha ya kanga, akamkabidhi Maalim, akarudi kwenye benchi lake kuanza tena kumzomea.

Tunakushukuru kwa kuja na kwa kukaa wima muda wote huu. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe wepesi katika kazi yako mpya, na akuandike wewe na watu wako wote katika karatasi moja. Amin.

Ni sisi,
Washabiki wa Mpira wa Kikapu, Darsait.
Wachezaji waliohudhuria: wanne.
Wa tano yuko njiani.