Ng'ombe wa Likizo

Gari la kutoka Namanga lilipopita Bisil, Mama Shirleen, mwalimu wa Kitengela, alimweleza Mzee Kuntai, jirani yake wa kiti, kwamba ng'ombe wake amebakisha miezi miwili azae. Ameacha kumkamua, amemtia dawa ya kuzuia usaha kwenye chuchu, na kila asubuhi anapapasa kiwele kuona kama kimevimba.

"Kwa hivyo huyo ako likizo," mzee akasema. "Na mshahara unamlipa?"

"Wako je?"

"Wangu anakamuliwa mpaka siku ya kuzaa. Watoto watakunywa chai gani?"

"Na akishazaa, chuchu zote nne zinatoa maziwa?"

Mzee akatazama nje. "Mbili. Zingine zilitoa usaha, zikakufa."

"Hongera, mzee. Umebaki na nusu ng'ombe."

"Na wewe umebaki na chai ya rangi."

"Ya rangi kabisa. Bwana yangu hata hanisemeshi."

Mimi niliyekaa nyuma yao nilijifanya nasoma simu. Tulipofika steji ya Kitengela, Mama Shirleen akauliza kwa sauti ya chini, "Na ndama alinyonya nini?"

Mzee Kuntai alikuwa ameshasimama.

"Hakumaliza wiki. Na alikuwa jike," akajibu, akashuka.