Mama Katungu Émilienne, Aliyekataa Kuzoea

Ndugu na majirani mliojaa uwanja huu wa Ngezi hapa Bunia, leo tunamsindikiza mama ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kubashiri angetokea njia ipi. Tumelia tangu juzi na tutalia tena. Lakini maisha yake yamejaa vicheko, na angetukaripia vikali kama tungevificha siku ya leo.

Mama Katungu Émilienne alizaliwa tarehe 9 Juni 1956 huko Musienene, karibu na Butembo, Kivu ya Kaskazini, akiwa binti wa tatu wa Paluku Claude na Masika Hortense. Jina lake lenyewe lilisema hivyo. Kwetu Wanande msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Katungu, na wavulana nao wana zamu yao: Paluku au Mumbere, kisha Kambale, Kasereka, na kuendelea. Ukiita "Kambale!" sokoni Butembo, nusu ya wanaume wanageuka. Wageni wanatucheka kwa hilo, nasi tunacheka pamoja nao.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Musienene kwa masista, kisha akajifunza kukata na kushona huko Butembo, akapata cheti mwaka 1975. Masista walimsifu kwa mkono mwepesi na wakamlalamikia kwa mdomo mwepesi zaidi. Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa na Kasereka Vital, muuza misumari na mabati, na mwaka 1983 wakahamia Bunia na mtoto wao wa kwanza mgongoni.

Hapa Bunia alifungua chumba cha kushonea, na mji huu ukavaa kazi yake: sare za kwaya, nguo za maharusi, makoti ya wachungaji. Vita ya 2003 iliwakimbiza hadi Beni. Waliporudi mwaka uliofuata, alianza upya na cherehani ya kuazima. Miaka ya karibuni, wasichana waliokimbia mapigano ya Djugu walijifunza ushonaji kwake, na wengi wao wamesimama hapa wamevaa walichojishonea wenyewe.

Jambo lililomgeuza lilitokea mwaka 2009. Alikwenda Butembo kumwona mama yake, na njia nzima watu walimwambia kwamba bibi bado ana akili timamu, anamwita kila mtu kwa jina lake. Kumbe alikuwa anabahatisha! Akiona mwanamume anasema Kambale, akiona mwanamke anasema Masika, na kwa majina yetu haya mara nyingi alipatia. Mlangoni akamwambia binti yake, "Karibu, Masika." Émilienne akacheka, "Mama, ni miye, Katungu." Bibi akamtazama kwa heshima zote anazopewa mgeni, akauliza, "Weye uko mutoto ya nani?"

Aliporudi Bunia alilia wiki nzima, kisha akafuta machozi akaanza vita yake. Alikuwa amemsikia daktari mmoja kwenye redio akisema kichwa kinachopewa mambo mapya hakisinzii. Basi, kichwa chake hakikupata tena nafasi ya kusinzia! Alichana nywele kwa mkono wa kushoto. Aliingia sokoni kwa kupitia mtaa wa Bigo leo, kesho akazungukia upande wa pili, hata waendesha pikipiki wakachoka kumuuliza. Kila mwezi alihamisha vitu vyote katika chumba cha kushonea, na Tina, mwanafunzi wake mkubwa, alikuwa akipiga kelele: "Mama, makasi iko wapi tena?" Naye alijibu bila kuinua macho: "Tafuta, kichwa itaamuka!"

Kanisani ndiko alikotuvunja mbavu. Kila mama ana benchi lake, mnajua wenyewe, lakini yeye alikaa popote, hata mahali pa Mama Patience, mwenyekiti wa akina mama, ambapo hata upepo huomba ruhusa. Kisha ikaja Jumapili ya mavuno. Kwaya iliingia ikicheza na sadaka kichwani, mguu wa kulia kwanza kama siku zote, naye katikati yao akaanza na wa kushoto. Safu nzima iligongana, ndizi na mihogo vikabingirika hadi madhabahuni. "Émilienne, ile ni muguu gani?" alifoka Mama Patience. "Ile ingine ilishazoea," akajibu, akaendelea kucheza, na mwezi uliofuata kwaya nzima ilianza na wa kushoto.

Aliyeumia ni mume wake. Baba Vital ni mtu wa kiti kimoja, chai moja, redio moja. Siku moja alirudi kutoka kazini, akaketi bila kutazama, akajikuta ndani ya beseni la maji, kwa kuwa kiti kilikuwa kimehamia ng'ambo ya pili. Alikasirika kweli. Mkewe akamshika mkono akamwambia lililokuwa moyoni: "Vital, niko naogopa siku moja nitakuita monsieur, kama mutu mugeni." Tangu hapo Baba Vital alihamisha kiti mwenyewe.

Mwezi wa Novemba 2024 moyo wake ulianza kuchoka na miguu ikavimba. Akalazwa hapa mjini. Tarehe 3 Februari, familia ikiwa imezunguka kitanda, alifumbua macho, akatazama mlangoni aliposimama mumewe, akaita, "Kambale!" Kambale, na huyu ni Kasereka! Binti yao Glodie alitoka nje akilia. Baba Vital alivua kofia, akasema polepole, "Ni miye, Kasereka." Mgonjwa akamkata jicho: "Kasereka Vital, weye unafikiri nimekusahau? Toka basi mbele ya mulango, niko naita Kambale ya serumu!" Na kweli, nyuma ya mgongo wa Baba Vital alisimama muuguzi Kambale Ephraïm, ameshika chupa ya dawa ya dripu, amekosa pa kupita. Jamani, tulicheka! Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, Kambale alicheka hadi akaiweka chupa chini, na Baba Vital alicheka huku machozi yakimtiririka.

Aliomba kurudishwa nyumbani, na akarudi. Asubuhi ya tarehe 11 Februari 2025, Baba Vital akiwa peke yake karibu naye, alisema, "Nigeuze upande ule ingine, huu nimeshauzoea." Akamgeuza taratibu, akamwekea mto vizuri. Alitazama ukuta ule mpya kwa kitambo, kisha akasema, "Aksanti, Vital." Hakusema tena.

Mama Émilienne ameacha mume, Kasereka Vital, watoto watatu, Mumbere Constant, Masika Glodie na Kavira Sandrine, wajukuu tisa, dada yake, Kavira Madeleine, na wasichana wote aliowafundisha kushika makasi. Bwana alimwita kwa jina, naye alikuwa bado anayajua majina yetu yote. Apumzike katika amani Yake.