Mwano wa Salvatory Bujiku, Baharia wa Nkoma

Baba paroko, wazee wa Nkoma, na ninyi jirani mliotoka Zagayu na Bariadi mjini, familia imenipa mimi Josia, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, na imeniagiza nisifiche kitu, kwa sababu marehemu mwenyewe alikataza.

Salvatory Bujiku alizaliwa tarehe 14 Aprili 1961 hapahapa Nkoma, mtoto wa kwanza wa mzee Bujiku na mama Nyanjige, akafuatiwa na Philomena, huyo mnayemwona amekaa mbele, kisha mimi. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akachunga ng'ombe wa baba yake na kulima pamba, na mwaka 1981 akaenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa injini za meli, jambo lililowachekesha wengi, maana Msukuma huyu alikuwa hajawahi kuona maji mengi kuliko ya lambo la kunyweshea.

Kuanzia 1984 hadi alipostaafu mwaka 2016 alifanya kazi kwenye meli za mafuta huko Ghuba ya Uajemi, wala hakuumia hata kidole. Tarehe 9 Julai 1988 alifunga ndoa na Specioza, wakajaliwa watoto watatu, Violeth, Gloria na Machibya.

Mwezi Juni 2019, akiwa nyumbani na redio yake, alisikia kwamba rais wa taifa moja kubwa la ng'ambo ametangaza kuwa nchi yake italinda kwa nguvu zote za kijeshi mafuta yanayopita kule Ghuba, na atakayeyagusa atakiona cha moto. Wakati huo Elia, mtoto wa pekee wa Philomena, alikuwa amepata kazi kwenye meli ya mafuta hukohuko Ghuba kwa barua ya mjomba wake, na mama yake alikuwa amekataa katakata. Salvatory akamtuliza dada yake kwa mambo ya kwetu, kwamba mwano ukipigwa kijijini, lile yowe la kuitana ng'ombe wanapoibwa, watu wote hutoka na fimbo, na wakifika humtafuta kwanza mchungaji, ng'ombe baadaye, basi na rais yule amepiga mwano, Elia ana walinzi. Jamani, hapo ndipo alipokosea, na alikiri hivyo mpaka mwisho.

Elia aliondoka tarehe 2 Septemba 2019. Februari iliyofuata alipiga simu, Salvatory akaweka sauti kubwa ili Philomena naye asikie.

"Mjomba, hizi manowari zinatulinda sisi, au zinalinda mafuta?"

Salvatory alimjibu kwamba ni yote mawili, hakuna tofauti.

Tarehe 3 Machi 2020 meli ya Elia ilishambuliwa, manowari zikafika, moto ukazimwa, meli ikavutwa hadi bandarini, na redio ileile ikatangaza kwamba shehena yote iko salama. Watu watatu wa chumba cha injini hawakuonekana, mmoja wao Elia, na redio haikuwataja.

Tangu siku hiyo Salvatory alianza kusikia mwano. Akiwa katikati ya pamba, jua linawaka, alisimama ghafla, akachukua fimbo, akatoka kuelekea barabara ya Bariadi, akarudi miguu imejaa vumbi, akisema aliyelia ni Elia na hakuna mwingine aliyetoka. Tulidhani amechanganyikiwa. Specioza alimfuata mara nyingi ili kumrudisha, na tuseme ukweli, zipo siku ambazo Specioza naye alisikia.

Philomena hakuongea na kaka yake kwa zaidi ya miaka mitano. Wazee walipopendekeza tuzike nguo za Elia ili msiba uishe, Salvatory alikataa, akasema mtu ambaye hajatafutwa hazikwi.

Mwezi Agosti 2024 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akalazwa mara kwa mara, na tarehe 15 Oktoba 2025 Philomena aliingia wodini akiwa na shati la Elia mkononi. Salvatory hakuomba msamaha, alimwomba dada yake ampigie mwano, Philomena akafungua kinywa, sauti haikutoka. Alimshika mkono hadi tarehe 17 Oktoba, saa tatu asubuhi, kaka yake alipokata roho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wanaushirika wenzake wa pamba, mabaharia waliotuma salamu, na hasa ninyi jirani mliomkuta barabarani na fimbo yake mkamrudisha nyumbani bila kumcheka.

Shati la Elia limewekwa kifuani pa mjomba wake. Kabla hatujashusha jeneza, Philomena atasimama pale ukingoni apige mwano, amesema safari hii sauti itatoka, nasi tunamwomba kila mwenye miguu atoke mpaka barabarani kumtafuta Elia, asiulize ng'ombe ni wa nani.

Pumzika kwa amani, Salvatory, leo tunatoka wote.